Abiria wa Ghorofa ya Nane

Aliingia kwenye lifti bila kulipa.
Hapa Kutaisi lifti zetu hula sarafu;
ukikosa, panda ngazi na magoti yako.
Yeye alipenya katikati ya miguu yangu,
akaketi pembeni, macho yamegandishwa na tongo,
na tulipofika ghorofa ya nane
akashuka kama mtu aliyekuwa akitarajiwa.

Mimi ndiye fundi wa lifti hizo.
Miaka thelathini na miwili nimesikiliza vyuma:
naijua kamba inayolalamika tu
na ile iliyo karibu kukatika.
Kifua cha paka sikuwahi kukisikiliza.
Kilikoroma kama winchi iliyokosa grisi.

Marehemu mama alikuwa akisema
paka ni mgeni asiyefuta miguu mlangoni.
Nilimtandikia koti lake la sufi. Mama anisamehe.

Daktari Nazibrola alimpima homa mahali
ambapo hata mimi ningeng'ata mtu.
"Jina la mgonjwa?"
Sikuwa nalo. Nikataja ghorofa.
Akaandika: Nane.
"Mwenye paka?"
Nikasema hapana, mimi nimemleta tu.
Akanitazama juu ya miwani, akaacha pengo,
akanipa vidonge, matone ya macho,
bomba la sindano lisilo na sindano.
"Mafua makali. Pua ikiziba hasikii harufu,
asiposikia harufu hali, na asipokula..."
Hapo simu yake ikalia,
sentensi ikaning'inia
siku tatu kichwani mwangu.

Siku ya kwanza nilimviringisha kwenye taulo
kama nilivyoona shemeji zangu wakiviringisha vichanga,
nikamfumbua mdomo, kidonge ndani, nikamsugua koo.
Akameza. Nikamsifu kwa sauti, nikajisifu na mimi.
Jioni nilikikuta ndani ya ndara yangu,
kimelowa, kizima.

Siku ya pili nilifungulia maji ya moto bafuni,
tukaketi mvukeni kama wazee wawili,
mmoja akipiga chafya, mwingine akipiga hesabu ya gesi.
Nilimpashia dagaa wa kopo. Akageuza uso.
Nikaonja mimi, nimwonyeshe.
Akageuza uso tena.

Usiku wa tatu alijichimbia nyuma ya mashine ya kufulia.
Nikamulika kwa tochi ya kazi: mkia tu, na vumbi.
Wanasema paka ana roho saba.
Nani alikaa akazihesabu?
Nililala kifudifudi juu ya vigae,
nikaanza kumwambia yale ninayowaambia
watu waliokwama kati ya ghorofa na ghorofa:
Usiogope. Nipo hapa nje. Usibonyeze kitu.
Hewa inatosha. Nakusikia.
Nikasema mpaka ulimi ukawa mzito,
na kwa kuwa aliyekuwepo ni mkia peke yake
nikamwambia pia kwamba tangu mama afe
sijanunua mikate miwili kwa mpigo.

Alfajiri niliamshwa na kitu kikali kama msasa.
Alikuwa akilamba vidole vyangu,
vyenye mafuta ya kopo la jana.
Si mapenzi, najua. Ni harufu.
Harufu!
Nikakimbilia jikoni na goti langu bovu.
Alikula vijiko viwili, akatapika kimoja
ndani ya kiatu changu cha kazi,
na nilipomshika kwa ajili ya kidonge
akaning'ata, meno yakazama.
Nilimwonyesha jirani Tsiuri kile kidole
kama anayeonyesha pete ya uchumba.

Leo Alhamisi tunarudi kwa daktari.
Bado anakoroma. Jicho la kushoto lina ukungu,
na kama litatakata sijui.
Nimemweka kikapuni, na koti la mama,
ambalo sasa lina manyoya kuliko sufi.
Nimechukua pia kalamu yangu mwenyewe.
Ile ya daktari, nakumbuka, ilikuwa ikikwaruza,
na pale alipopaacha wazi
ni padogo.